Kama ni ustadi, basi mgeni wa mchezo alindwe

Mhariri,

Mwandishi wenu wa makala kuhusu michezo ya fantasi huku Marekani, ambamo mtu hupanga kikosi chake cha wanamichezo halisi na kupata pointi kwa jinsi wanavyocheza, ameshikilia kwamba, kwa kuwa mshindi hupatikana kwa ujuzi wala si kwa bahati, serikali za majimbo hazina sababu ya kudai leseni. Naona hoja hiyo imesimama kichwa chini miguu juu. Ujuzi ndio sababu hasa ya kudai leseni.

Kwenye bahati nasibu mimi na wewe tuko sawa, hata tukipoteza. Kwenye mashindano ya ujuzi hatuko sawa hata kidogo. Kijana aliyejisajili jana kwa simu, akalipa kiingilio na kupanga kikosi kimoja, anakutana na mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku, mwenye programu inayoingiza mamia ya vikosi kwa mkupuo. Kampuni ya ushauri wa biashara ya McKinsey ilipochunguza nusu ya kwanza ya msimu wa besiboli wa 2015, ilikuta asilimia 91 ya faida ya washiriki imechukuliwa na asilimia 1.3 yao. Fedha hizo zilitoka mifukoni mwa washiriki wengine.

Chanzo cha yote ni sheria ya Marekani ya mwaka 2006 iliyobana malipo ya kamari mtandaoni. Iliacha nje mashindano ya fantasi yanayotegemea maarifa ya mshiriki na takwimu za wanamichezo wa mechi mbalimbali, mradi zawadi zitangazwe mapema. Kampuni za mashindano haya zikapita hapo, FanDuel mwaka 2009 na DraftKings mwaka 2012, na mchezo wa msimu mzima ukawa wa kila siku. Oktoba 2015 ilifichuka kwamba mfanyakazi wa DraftKings alikuwa ametoa kabla ya wakati takwimu za wanamichezo waliochaguliwa zaidi, ambazo humsaidia mtu kupanga kikosi tofauti na cha wengine, na wiki hiyohiyo akawa ameshinda dola 350,000 kwenye FanDuel. Kampuni yake ilieleza kwamba alizipata takwimu hizo baada ya muda wa kubadilisha vikosi kwisha. Tukubali maelezo hayo. Bado swali lipo: kwa nini mtu anayefanya kazi ndani ya jiko la kampuni moja aruhusiwe kucheza kwa fedha kwenye kampuni jirani?

Virginia ililijibu Machi 2016, jimbo la kwanza kutunga sheria kamili ya mashindano haya. Wafanyakazi wa kampuni na jamaa wanaoishi nao wakazuiwa, fedha za washiriki zikatengwa na fedha za kuendeshea biashara, na hesabu zikaguliwe na watu wa nje. Hapa kwetu Massachusetts, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Maura Healey, alitumia sheria ya kumlinda mlaji: umri miaka 21 na zaidi, kikomo cha kuweka dola 1,000 kwa mwezi isipokuwa mtu aonyeshe anamudu zaidi, wazoefu wawekewe alama mbele ya majina yao, na wageni wawe na mashindano yao ambayo wazoefu hawaingii. Alama ile ni jambo dogo, lakini inamwambia mtu anacheza na nani kabla hajalipa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya vijana wetu. Wengi wamekulia Fantasy Premier League, mchezo wa fantasi wa Ligi Kuu ya soka ya England usio na kiingilio, wakishindana na marafiki wa mtaani. Wakifika huku wanaona kikosi kilekile na pointi zilezile, wanadhani mchezo ni uleule.

Kwenye ada ya leseni nakubaliana na mwandishi wenu kwamba inaweza kuwaumiza wadogo. Virginia ilidai dola 50,000 kwa kila kampuni, kubwa na ndogo sawasawa. Kwa FanDuel na DraftKings hiyo si kitu. Kampuni changa inafunga virago. New York ilifanya vizuri zaidi mwaka 2016 kwa kutoza asilimia ya mapato, ingawa sheria yake ilipingwa mahakamani hadi Machi 2022, ilipookolewa na majaji wanne dhidi ya watatu.

California haina sheria yake hadi leo. Julai 2025 Mwanasheria Mkuu Rob Bonta alitoa maoni kwamba mashindano haya yanavunja sheria za jimbo. Gavana Newsom akasema hakubaliani naye. Viongozi hao wakivutana, fedha za wananchi zimo kwenye akaunti za kampuni. Wabunge wa California waanzie hapo: fedha za washiriki zitengwe, mgeni asichanganywe na mzoefu bila kujulishwa, na ada ifuate mapato ya kampuni.

Msomaji wenu,
Lowell, Massachusetts