Viroba saba vya mabaki ya vitenge, na cherehani imesimama

Dada Mshauri,

Salamu kutoka Mwanga, Kigoma. Naomba ushauri wako na wa wasomaji wengine, hasa mafundi wanaoshonea nyumbani. Nakaa nyumbani na watoto wadogo, kazi yangu ni ya cherehani, na chumba cha kushonea kimejaa mabaki ya vitenge kiasi kwamba cherehani haifikiki mpaka uhamishe kitu kwanza. Nataka kupunguza mzigo huu na nataka kushona. Namna ya kufanya yote mawili naijua. Ninachokosa ni ari, na naona mambo haya mawili yamefungana: siwezi kushona mpaka nipunguze, na sina moyo wa kutupa kitu ninachoona wazi kwamba kinashoneka.

Nitaeleza kwa vipimo, kwa sababu ushauri wa jumla haunisaidii. Ule unaosema "usichokitumia mwaka mzima kitupe" unafaa kwa gauni au sufuria. Kipande cha kitenge hakuna anayekitumia hadi kiungwe na vingine, kwa hiyo kwa kanuni hiyo ningetupa vyote, kizuri na kibaya pamoja.

Chumba ni mita 3 kwa 3.5. Kuna viroba 7, kila kimoja kama kilo 6 kwa mzani wa kuning'iniza, jumla kilo 42. Meza ya kukatia ni sentimita 120 kwa 60. Kuna kazi 9 zilizoishia njiani: mifarishi 4 (yaani matandiko ya kitanda ya viraka vilivyoungwa), mikoba 3 na mazulia 2. Mabaki hutoka kwa mafundi wawili wa jirani, ambao kwa wastani huniletea nusu kiroba kwa wiki, na Idi au Krismasi ikikaribia huleta zaidi.

Kiroba kimoja nimekichambua chote ili nijue kilichomo. Kati ya kilo 6, kilo 1.5 ni vipande vikubwa vinavyotoa mraba wa sentimita 15. Kilo 2 ni mikanda mirefu yenye upana wa sentimita 5 au zaidi. Kilo 1.5 ni chenga za mikato ya shingo na makwapa. Kilo 1 iliyobaki si pamba kabisa: bitana, poliyesta na vipande vya nguo za kuvutika.

Sasa hesabu ya mfarishi mmoja. Kigezo changu cha kuchorea miraba ni kipande cha marumaru ya ukutani cha sentimita 15 kwa 15. Kadibodi niliiacha kwa sababu pembe zake huliwa na chaki, na baada ya kuchora miraba hamsini hivi kila mraba unatoka na umbo lake. Mshono ni sentimita 1 kila upande, kwa hiyo mraba ukishaungwa unabaki sentimita 13. Miraba 12 kwa upana na 14 kwa urefu inatoa sentimita 156 kwa 182, inatosha kitanda cha futi 5 kwa 6 kwa juu. Hiyo ni miraba 168. Kila mraba wa kitenge cha pamba una uzito wa kama gramu 3, kwa hiyo uso mzima wa mfarishi hauzidi sana nusu kilo. Mishono ya kuunga ni mifupi 154 na mirefu 13, jumla karibu mita 44, na uzi unaokwenda, wa juu na wa chini (wa bobini) kwa pamoja, ni mara mbili na nusu hadi tatu ya urefu huo. Kukata huchukua saa 3, kuunga saa 6, pasi saa 2, na kuweka kitambaa cha chini na pindo saa 3. Saa 14. Nikipata saa 2 kwa siku, mfarishi mmoja ni wiki moja.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Nusu kiroba kinachoingia kila wiki kina kilo 0.75 ya vipande vikubwa. Ukitoa robo inayopotea wakati wa kukata, inabaki kama kilo 0.56, nayo ni zaidi kidogo ya mfarishi mmoja. Maana yake hata nikishona kila siku bila kukosa, nikamaliza mfarishi kila Jumamosi, viroba saba vitabaki saba, na mikanda na chenga za wiki hiyo zitaongezeka juu yake. Nadhani mwili uliijua hesabu hii kabla sijaiandika, ndiyo maana mikono inakataa kuanza.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni la ujirani. Nifungeje mlango huu bila kuwaudhi wenzangu? Wanaleta kwa upendo, wanasimama uani na kusema "shoga, nimekukumbuka". Nisipopokea, najua vinakokwenda: vinachomwa nyuma ya nyumba, na poliyesta ikiungua hutoa moshi mzito mweusi, au vinatupwa kwenye mtaro na mvua ikinyesha vinaziba maji au vinateremka hadi ziwani. Nimewaza kuwaomba wanitengee vipande vinavyozidi ukubwa wa kiganja tu, na viwe vya pamba tupu. Lakini hiyo ni kumpa fundi kazi ya kuchambua wakati ana wateja mlangoni. Aliyewahi kuweka utaratibu wa namna hii na jirani, naomba anieleze alitumia maneno gani.

Njia za kupunguza zilizoshindwa ni tatu, na nazitaja ili msinirudishe huko.

Ya kwanza ni kupanga kwa rangi. Inapendeza machoni, lakini inachanganya pamba na poliyesta, na inachanganya mraba mzima na mkanda wa vidole viwili. Ukitaka kushona unachambua upya. Kinachostahili kutangulia ni aina ya kitambaa, kisha ukubwa, na rangi iwe ya mwisho. Vitenge vingi vya bei ndogo siku hizi ni poliyesta hata kama chapa yake ni nzuri. Kwa hiyo kipande chenye shaka nachomoa nyuzi mbili tatu na kuziwasha juu ya sahani: pamba huungua kama karatasi, inanuka karatasi na kuacha jivu laini, poliyesta hujikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Uchambuzi huu una faida yake. Pamba mpya hurudi, yaani husinyaa, inapofuliwa mara ya kwanza, na poliyesta hairudi, kwa hiyo mfarishi wenye vyote viwili hukunjamana baada ya kufuliwa na hakuna pasi itakayounyoosha. Kwenye kishikio cha sufuria ni hatari zaidi, maana poliyesta ikipata moto huyeyuka na kushika ngozi.

Ya pili ni kusafisha chumba chote siku moja. Kuchambua kiroba kimoja vizuri ni karibu saa 2. Viroba saba ni saa 14, na siku ya mtu mwenye watoto haina saa 14. Ikifika alasiri kila kitu kimemwagwa sakafuni, watoto wamerudi, moto haujawashwa, na vitu vinarudishwa kwenye viroba kwa mikono miwili vikiwa vimechanganyika kuliko asubuhi.

Ya tatu ni kushona tu na kuacha chumba kama kilivyo. Mfarishi wa sentimita 156 kwa 182 hautandazwi kwenye meza ya 120 kwa 60 iliyojaa. Usipotandaza huoni makosa mapema, na makosa ya kuunga huzaana: ukichukua mshono wa sentimita 1.2 badala ya 1, safu yenye mishono 11 inapungua sentimita 4.4, na haikutani tena na safu ya chini yake. Pia safu moja ikipigwa pasi mishono yake kulia, inayofuata ipigwe kushoto. Zote zikielekea upande mmoja, sindano inakutana na tabaka 6 upande huo na 2 upande wa pili, na mstari unaruka. Makosa haya mawili ndiyo yaliyosimamisha mifarishi miwili kati ya ile minne. Mingine miwili ina poliyesta ndani.

Swali la pili basi ni juu ya hizi kazi 9. Nimalizie au nifumue? Kufumua mfarishi kwa kiwembe ni saa 5 hivi, na kingo zikishachakaa mraba unarudi sentimita 14, hauendani tena na wa 15. Kumalizia wenye poliyesta ni saa 6 za kutengeneza kitu ambacho najua kitaharibika kikifuliwa. Moyo unaniambia nikate kila uso vipande vinne viwe vitandiko vya meza, ambavyo havifuliwi mara kwa mara. Naogopa huo nao usiwe ujanja wa kugeuza kazi 4 ambazo hazijaisha kuwa kazi 16 ambazo hazijaisha.

Kuhusu mahali pa kuanzia, nina wazo na naomba mlipime. Kitu kinachomaliza mzigo haraka kuliko vyote ni mto wa kukalia. Wa sentimita 45 kwa 45 ukishindiliwa chenga unameza kilo 2 hadi 3, na kushona kwake ni chini ya saa 2. Chenga zote za viroba saba, yaani kama kilo 10, zingeishia kwenye mito minne au mitano. Masharti yake ni kwamba chenga zikatwe ndogo kama kidole gumba, la sivyo hujiviringa na kutoa vinundu, na ziwe kwenye mfuko wa ndani unaotoka, kwa sababu mto uliofuliwa ukiwa na chenga ndani haukauki katikati. Mvua za huku zikishaanza, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, huo utaota kuvu. Hivyo ningeanza na kitu cha thamani ndogo kabisa, kwa sababu ndicho kinachofungua sakafu. Je, kuna aliyeanza hivyo, au aliona kwamba kazi isiyo na uzuri inakausha hata hamu kidogo iliyokuwepo?

Baada ya mito ningekwenda kwenye mikoba ya sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 2019, mkoba wa kitambaa una mnunuzi, na unatumia mikanda, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mzigo wangu. Mifarishi ingesubiri hadi meza iwe wazi.

Lipo pia suala la kufua. Vipande vidogo vikifuliwa ovyo kwenye beseni hutoa nyuzi na kufungana fundo. Navifunga kilo moja moja ndani ya kipande cha chandarua kikuukuu, naloweka, nasuuza mpaka maji yatoke meupe. Chumvi haizuii rangi kutoka, hilo tusidanganyane. Sasa jua lipo na kamba inakausha kwa nusu siku, ila mvua haziko mbali. Viroba vinakaa juu ya matofali kwa ajili ya mchwa. Kwa panya sina dawa zaidi ya kuvihamisha kila wiki, na kuhamisha viroba saba ni kazi ya kuvunja mgongo.

Swali la mwisho ndilo zito kwangu. Saa 2 zangu kwa siku ziko baada ya wakubwa kwenda shule na mdogo akiwa amelala, kama saa nne asubuhi hadi saa sita mchana. Ni saa hizo hizo ambazo kila mtu mtaani anajua kwamba niko nyumbani, na aliye nyumbani huhesabiwa hana kazi. Mgeni akibisha hodi siwezi kumwacha mlangoni, wala sitaki. Lakini uzi ukishakatika katikati ya safu, kurudi ni vigumu, na siku tatu za namna hiyo zinatosha kufanya nifunge mlango wa chumba na kujisemea nitaanza Jumatatu. Ninyi mnaoshonea nyumbani, mnazilindaje saa zenu bila kuonekana mna maringo? Mnafunga mlango, mnaweka siku maalumu ya wageni, au mnampa mgeni mkasi achambue huku mnazungumza? Na mnakata kazi katika vipande vya ukubwa gani ili hata ikikatizwa iwe imefika mahali? Nimefikiria safu moja ya miraba 12 kwa siku, mishono 11 tu, dakika 25 na pasi yake. Lakini kwa mwendo huo safu 14 ni wiki mbili kabla hata ya kuziunganisha, na wakati huo kiroba kingine kizima kimeshaingia.

Nitashukuru sana kwa jibu lenye vipimo, saa na maneno halisi ya kumwambia jirani.

Wako,
Fundi wa nyumbani, Mwanga, Kigoma