Kupandisha lenzi si kutengeneza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo wasomaji wengi huenda wakaliona dogo, lakini kwa sisi tunaoshinda mezani na bisibisi tangu asubuhi hadi magharibi ni jambo linalouma: namna tunavyozitengeneza, na mara nyingi tunavyoziua, mashine za zamani za kuchezea gemu, hasa PlayStation 2.

Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye banda la gemu aliniletea mashine ya aina hiyo, ile nene, ikiwa ndani ya mfuko wa salfeti. Ilikuwa haisomi diski. Aliniambia kwamba ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameipeleka kwa fundi mara tatu, na kila mara alirudishiwa akiambiwa kuwa lenzi imepandishwa na sasa mambo yako sawa. Ilisoma kwa wiki kadhaa, kisha ikaanza tena kugoma, kwanza DVD, baadaye hata CD, mpaka ikawa inazunguka tu na kuandika kwamba hakuna diski.

Kwa wasiofahamu, katika lenzi ya PlayStation 2, jina tunaloliita pamoja na leza inayosoma diski, kuna viskrubu viwili vidogo mno, kimoja kwa ajili ya CD na kingine kwa ajili ya DVD. Ukivizungusha unabadilisha ukinzani, yaani kiasi cha kuzuia umeme, na ukinzani ukipungua, umeme unaoingia kwenye leza huongezeka; huko ndiko kupandisha lenzi. Leza iliyochoka ikipewa umeme zaidi hung'aa kwa muda, kama koroboi iliyopandishwa utambi wakati mafuta yanakaribia kwisha, na mteja huondoka akifurahi. Nilipoweka multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye viskrubu vya mashine ya yule kijana, vyote viwili vilikuwa vimezungushwa karibu na mwisho wake. Leza ilikuwa imeungua.

Kilichonisikitisha zaidi ni nilichokiona chini ya lenzi hiyo. Vyuma viwili ambavyo lenzi hutelezea kutoka katikati ya diski kwenda ukingoni vilikuwa vimefunikwa na grisi ya kiwandani iliyokauka, ikachanganyika na vumbi na nywele, ikawa ngumu kama gundi ya zamani. Niliposukuma lenzi kwa kidole ilikwenda nusu ya njia, ikakwama. Mwanzoni mashine ile haikuwa na tatizo la leza. Ilikuwa inashindwa kutembea. Fundi wa kwanza angefuta vyuma vile kwa pamba na spiriti, akapaka grisi nyeupe kidogo, akafuta na jicho la lenzi, akaangalia kama utepe wa waya umekaa vizuri kwenye soketi yake, huenda lenzi ya kiwandani ingekuwa inafanya kazi mpaka leo. Ni kazi ya nusu saa. Badala yake tulichukua bisibisi tukazungusha skrubu, kazi ya dakika mbili, na leo kijana anatafuta lenzi nyingine.

Siwasemi wenzangu kutoka pembeni. Nami nilifundishwa hivyo hivyo, na miaka ya mwanzo nilipandisha lenzi nyingi bila kupima hata moja. Viskrubu vile viliwekwa ili kiwanda kirekebishe tofauti ndogo kati ya lenzi moja na nyingine, na kuna wakati fundi analazimika kuvigusa; lakini avifikie mwisho, baada ya kusafisha, baada ya kupima, na baada ya kuandika namba aliyoikuta, ili akikosea aweze kurudi alikoanzia.

Tunapaswa kuelewa pia kwamba mashine hizi haziji tena. PlayStation 2 iliingia sokoni Japani tarehe 4 Machi 2000, ikauzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani, na mapema mwaka 2013 ikatangazwa kuwa haitengenezwi tena. Kwa hiyo lenzi ya KHS-400C iliyomo katika zile nene, au PVR-802W ya zile nyembamba za mwishoni, leo utaipata katika mzoga wa mashine nyingine au utanunua ya kuiga ambayo ubora wake haujulikani mpaka uifunge. Kila lenzi tunayoiunguza kwa haraka zetu inapunguza akiba ambayo haijazwi.

Jambo la pili ni umeme. Mashine nyingi za mtumba zinazofika kwetu zimetoka Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100, na wetu ni 230. Nyuma ya mashine nene ya Kijapani kuna kibandiko kinachosema hivyo waziwazi, lakini plagi ikibadilishwa tu, mtu huichomeka ukutani bila kusoma, na kinachofuata ni mlio mmoja na harufu. Wengine wakishaunguza fyuzi huiunganisha kwa kipande cha waya, na hapo umeme unapita hadi kwenye bodi kubwa, ambayo haitengenezeki tena. Dawa ni transfoma ya kushusha umeme, au kufunga bodi ya umeme iliyotoka katika mashine ya Ulaya ya familia ileile iliyokufa kwa sababu nyingine. Na anayeifungua bodi hiyo ajue kwamba kapasita yake kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme, hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Nimewahi kurushwa nayo, na mkono ulikaa na ganzi hadi jioni.

Si kila kapasita hungoja umeme ndipo ilete madhara. Xbox ya kwanza, mashine ya gemu ya Microsoft iliyoanza kuuzwa Novemba 2001, ina kapasita moja ya kutunza saa ambayo kwa uzee huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba kwenye bodi hata mashine ikiwa imefungiwa kabatini miaka mingi bila kuguswa. Isipokuwa matoleo ya mwisho, inashauriwa kuing'oa kabisa. Mashine itaendelea kufanya kazi, na utakachopoteza ni kuweka saa upya kila ikichomolewa. Mwenye Xbox ya aina hiyo ndani aifungue wiki hii, asingoje iharibike.

Sasa nije kwenye kubadilisha mashine, ambako ndiko mabishano yalipo. Zamani kubadilisha kulimaanisha kuchipu: kuchomelea kwa risasi chipu ndogo ya kielektroniki, kwa nyaya nyembamba kama unywele, kwenye bodi, ili mashine ikubali diski ambayo ingeikataa. Watu husema chipu ililetwa na wizi wa gemu, na ni kweli kwa sehemu, lakini kwetu kulikuwa na sababu nyingine. Mashine ilitoka Japani, diski ikaletwa na ndugu aliyekuwa Uingereza, televisheni ikanunuliwa hapa. Na kila kimoja kimetengenezwa kwa eneo lake. Diski halali, iliyolipiwa, ilikataliwa na mashine halali, na pengine picha ilitokea nyeusi na nyeupe kwa sababu televisheni haikutambua mfumo wa rangi wa Japani.

Katika PlayStation ya kwanza kizuizi hicho kilikuwa alama fupi iliyofichwa mwanzoni mwa diski, SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya, na chipu ilikuwa inaipa mashine alama inayoitaka. Mfanyabiashara mmoja wa Sydney, Eddy Stevens, alishtakiwa na Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, kwa kuuza chipu hizo, na Oktoba 2005 mahakama ya juu kabisa ya Australia ikampa yeye ushindi. Hoja iliyonivutia ni kwamba alama ile haizuii mtu kunakili diski. Inazuia tu diski iliyonakiliwa isichezeke, kwa hiyo kwa sheria ya wakati ule chipu haikuhesabiwa kuwa kifaa cha kuvunja ulinzi wa hakimiliki. Marekani wamekuwa wagumu zaidi. Ilipofika Oktoba 2021 ndipo wakaruhusu kufungua kufuli la programu katika mashine za gemu kwa ajili ya matengenezo, tena kwa sehemu ya kusomea diski peke yake, na jimbo la Minnesota lilipopitisha sheria yake ya haki ya kutengeneza vifaa mwaka 2023 liliziacha mashine za gemu nje. Naona hilo si haki. Katika mashine zilizokuja baadaye, sehemu ya kusomea diski imefungwa kwa bodi yake kama kufuli na ufunguo, ukiibadilisha mashine inaikataa. PlayStation 2 haina kifungo hicho, lenzi ya mzoga huu inafanya kazi katika mashine ile, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuiheshimu.

Lakini hata mimi ninayetetea kubadilisha, nina mpaka wangu: badilisha kwa namna ambayo fundi mwingine anaweza kuirudisha ilivyokuwa. Siku hizi hakuna haja ya kuchomelea chochote kwenye bodi ya PlayStation 2. Kuna programu ya Free McBoot, iliyotengenezwa na wapenzi wa mashine hii, ambayo huwekwa kwenye memori kadi ya kawaida ya megabaiti 8. Ukiichomeka, mashine hukubali programu nyingine. Ukiichomoa, mashine ni ileile iliyotoka kiwandani. Inafanya kazi karibu katika aina zote, isipokuwa baadhi ya zile za mwisho za toleo la SCPH-90000. Kwa mashine nene yenye nafasi ya diski kuu nyuma, mwenyewe anaweza kunakili humo gemu alizozinunua na kuipumzisha lenzi kabisa. Kwa mwenye banda ambaye mashine yake inasoma diski tangu saa tatu asubuhi, kupumzika huko ni miaka ya uhai. Kwa nyembamba, ambazo njia yao nyepesi ni flashi, atarajie video za gemu kukwamakwama, kwa sababu mlango wao wa USB ni wa kizazi cha kwanza na ni wa polepole. Kunakili gemu za wengine na kuziuza ni jambo jingine, na sitaki barua hii isomwe kama ruhusa yake.

Kwa wasomaji walio na mashine mbovu uvunguni mwa kitanda, nawaomba wasiziuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Bodi zikichomwa ili kutoa shaba, moshi wake unavutwa na watoto wanaookota pale pale. Tangu mwaka 2021 tuna kanuni za taka za kielektroniki chini ya sheria ya mazingira, lakini kabla kitu hakijawa taka, mzoga mmoja unaweza kutoa lenzi, feni, bodi ya umeme, na zile fyuzi ndogo kama punje ya mchele ambazo zikikatika pedi ya kuchezea haisomi na mtu hudhani mashine imekufa. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo tayari ina mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza mitaani, nayo iangalie kazi yetu hii kwa jicho hilo hilo, impime fundi namna anavyosafisha na anavyopima kabla hajazungusha chochote.

Yule kijana nilimpatia lenzi kutoka kwenye mzoga niliokuwa nao. Nilisafisha vyuma, nikapima viskrubu vyote viwili kabla ya kufunga, nikaandika ukinzani wake na tarehe kwenye kipande cha karatasi, nikakibandika ndani ya kifuniko. Sikuzungusha kitu, na diski ikasoma. Atakayeifungua baada yangu ataikuta karatasi hiyo.

Wako,
Fundi wa vifaa vya kielektroniki,
Temeke, Dar es Salaam.