Wanangu mnaoshika hela za watu, hilo neno "zilikuwa kwangu" tuliongelee

Wanangu, nyinyi makeshia, makarani wa mahesabu, watu wa stoo, nyinyi mnaotumwa benki na bahasha, barua hii ni yenu. Mimi nimeshastaafu, nimekaa kwenye vitabu vya mahesabu miaka mingi, na kuna utetezi mmoja nimeusikia mpaka nikachoka: "Mzee mimi sikuiba, hela zilikuwa kwangu, nilizizungusha tu, ningerudisha." Hayo maneno vijana mnayaona ngao, kumbe mkiyasema mbele ya polisi mnakuwa mmeshaeleza kosa lenyewe kwa mdomo wenu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Sheria ya zamani ya Uingereza, ambayo Wamarekani nao waliirithi, wizi ilikuwa ni kukitoa kitu kwenye miliki ya mtu bila ridhaa yake, na nia yako iwe kumnyima jumla. Sasa kama mwenyewe kakukabidhi kwa hiari yake, umekitoa wapi? Hapo ndo majaji walipasumbukia karne na karne. Mwaka 1473 kuna msafirishaji alipewa marobota ayafikishe Southampton, akayafungua akachukua vya ndani, basi majaji wakasema alichokabidhiwa ni marobota yaliyofungwa, vilivyomo hakukabidhiwa, alipofungua tu kaiba. Mimi hiyo nikiikumbuka huwa nacheka peke yangu, ila ndo ilivyoamuliwa.

Afu 1799 ikaja kesi ya Joseph Bazeley, karani wa benki moja London. Mteja kaleta pauni 137, Bazeley kaziandika zote kwenye akaunti ya mteja, vizuri kabisa, ila noti ya pauni 100 ikaishia mfukoni kwake. Majaji wakakuna vichwa, noti imetoka mkono wa mteja ikaingia mkono wa karani ikaenda moja kwa moja mfukoni, haijalala kwenye droo hata dakika, kwa hiyo benki yenyewe haijawahi kuishika, na utamwibiaje mtu kitu ambacho bado hajakishika? Wakasema huu sio wizi. Na msiwaone wajinga, enzi hizo wizi mkubwa ulikuwa unamfikisha mtu kwenye kitanzi, jaji mwenye roho lazima asite kuutanua. Bunge halikusubiri, mwaka huohuo likatunga kosa jipya la mtumishi anayepokea kwa niaba ya bosi halafu anajimegea, adhabu kusafirishwa ng'ambo kama mfungwa mpaka miaka 14. Kosa hilo ndo linaitwa ubadhirifu, na ndo linalowahusu nyinyi.

Kwa hiyo tofauti iko kwenye ile sekunde kabla hujachukua: mali ilikuwa imeshikwa na nani kisheria? Keshia akipokea noti ya mteja akaitia mfukoni kabla ya droo, ubadhirifu. Akiitia droo kwanza, akafunga, jioni akafungua akaichomoa, huo ni wizi wa kawaida, kwa sababu ikishaingia droo bosi ameshaishika hata kama bosi mwenyewe yuko nyumbani amelala. Noti ni ileile na mkono ni uleule! Na cheo nacho kinaingia humo, mfagiaji anayebeba laptopu ya ofisi kaiba tu, maana alikuwa karibu nayo lakini hajakabidhiwa mamlaka yoyote juu yake, ila meneja aliyepewa akaunti aisimamie akajihamishia, huyo kavunja amana, ni mbadhirifu. Na nia nayo: kwenye wizi ule wa zamani nia mbaya iwepo pale unapochukua, ila kwenye ubadhirifu unaweza kupokea Jumatatu ukiwa na moyo safi kabisa, shetani akaja Alhamisi, kosa likazaliwa Alhamisi hiyo.

Mtaniuliza, mzee haya ya nini leo? Ni kweli sehemu nyingi makosa haya mawili, wizi na ubadhirifu, wameyaunganisha. California waliyatia kwenye kapu moja la wizi tangu 1927, Uingereza na Wales walifanya hivyo kwa sheria ya wizi ya 1968, ingawa yapo majimbo ya Marekani yanayoyaacha mbalimbali mpaka sasa. Maana yake ni kwamba ule mwanya aliopitia Bazeley umezibwa, ukibishana kwamba ulikabidhiwa, unabadilisha jina la kosa tu, mlango wa mahabusu ni uleule.

Sasa hili la "ningerudisha". Pesa taslimu ukishazitumia huwezi kurudisha noti zilezile, utarudisha nyingine zenye thamani sawa, na kwenye ubadhirifu hiyo nia kwa kawaida haikusaidii. California wameandika wazi kabisa, kukusudia kurudisha sio utetezi, na hata ukirudisha kwa hiari yako kabla hujashtakiwa bado sio utetezi, jaji anaruhusiwa tu kukupunguzia adhabu. Kinachosaidia kweli ni kama ulichukua kwa uwazi, bila kificho, ukiamini kwa dhati kwamba mali hiyo ni haki yako. Ila uwazi na risiti ya kughushi havikai nyumba moja, nadhani hapo tunaelewana.

Nilikuwa na kijana mmoja chini yangu, hodari, ningemtuma popote. Akajikopesha mauzo ya Ijumaa, Jumanne akazirudisha zote, hata senti haikupungua, akaziweka benki mwenyewe na kwenye slipu kaandika jina lake na tarehe. Wakaguzi walipokuja slipu ile ndo ikawa karatasi ya kwanza mezani, inaonyesha hela zilikuwa na nani na kwa siku ngapi. Na yeye kwa hofu akawa ameshamwandikia bosi barua ya samahani, kurasa mbili, kaeleza kila kitu, nayo ikaenda kwenye faili.

Kwa hiyo kama kuna kati yenu amekwishateleza, usiongeze hata shilingi, usiguse vitabu kufuta alama, na kabla hujashika kalamu kumwandikia mtu yeyote samahani, nenda kamwone wakili, hata kama itabidi uuze simu hiyo unayosomea hapa.