Barua ya wazi kwa vijana wa mashindano ya Hisabati: jibu sahihi halitoshi

Wanangu na wajukuu zangu,

Salamu nyingi, na poleni na masomo. Nawaandikia ninyi wa sekondari mnaobaki darasani Jumamosi kufanya maswali ambayo hayatatoka kwenye mtihani wa taifa, pamoja na kaka na dada zenu wa vyuo ambao bado wana hamu ya kushindana. Nina neno moja tu. Majibu mnajua kuyapata, ila kuyathibitisha kwenye karatasi hamjui, na huko ndiko alama zenu zinakopotelea.

Si kosa lenu. Mtihani wa shule unakuzoesha kuchagua kanuni, kuingiza namba, kukokotoa na kupigia mstari jibu. Kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, ile IMO, hali ni nyingine. Ni siku mbili, kila siku maswali matatu, muda wa saa nne na nusu. Kila swali lina alama 7, jumla 42. Mashindano ya Afrika, PAMO, yaliyoanza Morocco mwaka 1987, yana mpangilio huohuo. Kikokotoo hakiingii chumbani. Unaingia na kalamu, rula na bikari, na karibu kila swali linasema "thibitisha" au "tafuta zote".

Chukueni swali la kwanza kabisa la IMO ya kwanza, Romania, 1959: thibitisha kwamba sehemu (21n + 4)/(14n + 3) haiwezi kurahisishwa, n ikiwa namba asilia yoyote. Najua wengi mtafanyaje. Mtaweka n = 1 mpate 25/17, n = 2 mpate 46/31, n = 3 mpate 67/45. Zote hazirahisishiki. Mtaandika "kwa hiyo ni kweli daima" na kukimbilia swali la pili. Hapo mmepata sifuri kati ya saba. Mifano mitatu haithibitishi kitu, na hata arobaini haithibitishi. Jaribuni n² + n + 41: inatoa namba tasa kwa kila n kuanzia 0 hadi 39, mtu anaapa kabisa kwamba ni hivyo siku zote, kisha n = 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 × 41.

Sasa tazameni jibu lenyewe. Tuseme d ni kigawo chanya cha kiasi (namba ya juu) na cha asili (namba ya chini) kwa pamoja. Basi d inagawa 3(14n + 3), na inagawa 2(21n + 4). Kwa hiyo inagawa tofauti yake: (42n + 9) − (42n + 8) = 1. Kwa hiyo d = 1. Imekwisha.

Mtauliza 3 na 2 zimetoka wapi. Tulitaka n ipotee, na KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 14 na 21 ni 42. Mambo ya shule ya msingi hayo! Lakini angalieni: kwenye karatasi safi hamna haja ya kusimulia mlivyoifikia 3 na 2. Mahangaiko yanabaki kwenye msawada. Karatasi safi inabeba hoja peke yake, kila mstari ukitoka kwenye mstari uliotangulia. Wengi wenu mnachanganya hivi viwili, msahihishaji anapewa kurasa sita za kutangatanga atafute mwenyewe lulu ilipo.

Makosa mengine nayapitia kwa jinsi yanavyojirudia. "Tafuta zote" ni kazi mbili: kuonyesha kwamba ulizozipata zinafaa kweli, na kuonyesha kwamba hakuna nyingine. Mkiulizwa x zote zinazotosheleza √(x + 3) = x − 3, mtapandisha pande zote kwenye kipeo cha pili, mtapata x² − 7x + 6 = 0, na majibu 1 na 6. Rudisheni 1 kwenye mlinganyo: kushoto 2, kulia −2. Haifai. Kupandisha kipeo cha pili kumeingiza jibu la uongo, na asiyerudi kuhakiki hulibeba hadi mwisho. Kosa jingine ni kuanza na lile unalotakiwa kulithibitisha, ukateremka hadi 0 = 0, ukafurahi. Hoja lazima iweze kupanda kutoka chini kwenda juu. Kama haipandi, hukuthibitisha. Na maneno "ni wazi kwamba" yawekeeni shaka kila mnapoyaandika, maana mara nyingi hukaa palepale penye shimo.

Jiometri ndiyo inayowaponza zaidi, na sababu yake ni mchoro. Mtu anachora pembetatu ndogo kwa mkono, tena pande mbili zinakaribia kulingana, halafu anaona mistari mitatu inakutana mahali pamoja na kuamini. Imekutana kwa sababu ya mchoro wako, swali halikusema. Chora mkubwa, nusu ukurasa, kwa bikari, pande zote zikiwa tofauti waziwazi. Kisha chora wa pili wenye pembe butu. Mara nyingi nukta iliyokuwa ndani sasa imetoka nje, na pembe ulizokuwa unajumlisha sasa unatakiwa kuzitoa. Usiposema chochote kuhusu hali hiyo ya pili, unaweza kukatwa alama hata kama wazo lako ni zuri.

Kuhusu muda: saa nne na nusu ni dakika 270. Someni maswali yote matatu kwanza, dakika 15 hivi, bila kuandika jibu. Kwa kawaida la 1 na la 4 ndiyo mepesi, la 3 na la 6 ndiyo magumu kupita kiasi. Kama hamkuelewa maneno ya swali, ulizeni kwa maandishi ndani ya nusu saa ya kwanza, maana baada ya hapo nafasi hiyo haipo. Mkishapata jibu la swali moja, liandikeni safi hapohapo kabla ya kugusa jingine. Anayeacha kuandika yote hadi dakika 30 za mwisho huandika vibaya yote. Kila swali liwe na karatasi zake. Msifute msawada, pigeni mstari mmoja tu, kwa sababu nao hukusanywa, na wazo sahihi lililomo linaweza kupewa alama 1 au 2. Alama hujadiliwa mezani: kiongozi wa timu yenu na msaidizi wake hukaa na waratibu wa mashindano na kuwaonyesha mstari kwa mstari mlichostahili. Wazo lililobaki kichwani mwako hawana namna ya kulitetea.

Hesabu nyingine ya kuiweka akilini: IMO inatoa cheti cha heshima kwa asiyepata medali lakini amepata 7 kamili kwenye swali moja. Aliyekusanya 2, 2 na 2 hapati kitu. Ukiona swali moja linaelekea kufunguka, kaa nalo.

Mazoezini, swali moja lipeni saa mbili nzima kabla ya kuchungulia jibu. Mkichungulia, fungeni kitabu, na kesho yake liandikeni upya bila kutazama. Kisha badilishaneni karatasi, kila mmoja amsahihishe mwenzake kati ya 7, na asome kama mkorofi: "hii umeitoa wapi?" Msioneane haya, mficha uchi hazai.

Wa PCM, yaani mnaosoma Fizikia, Kemia na Hisabati, najua mnajivunia kalkulasi. Kwenye IMO na PAMO haihitajiki. Maswali ni ya aljebra, jiometri, nadharia ya namba na yale ya kuhesabu na kupanga. Anzeni na mabaki. Kipeo cha pili cha namba nzima kikigawanywa kwa 4 hubakiza 0 au 1 tu, kwa hiyo vipeo viwili vikijumlishwa hubakiza 0, 1 au 2. 2023 hubakiza 3. Basi hakuna namba nzima x na y zinazofanya x² + y² = 2023, na hamkujaribu hata jozi moja.

Ninyi wa vyuo, kalkulasi na matriki zenu zina kazi kwenye IMC, mashindano ya vyuo vikuu yaliyoanza Bulgaria mwaka 1994. Mlioko Marekani na Kanada mna Putnam, mashindano ya vyuo vya huko: maswali 12, sita kwa muda wa saa tatu na sita mengine kwa saa tatu nyingine, kila moja alama 10. Huko mwanafunzi wa katikati ya orodha mara nyingi hupata 0, 1 au 2 kati ya 120, kwa sababu nusu ya hoja karibu hailipwi kitu. Msivunjike moyo mkiona namba hizo.

Mlio Kidato cha Sita, hesabuni umri mapema. IMO hufanyika katikati ya mwaka, na mshindani lazima awe hajatimiza miaka 20 siku ya karatasi ya pili, na awe hajaanza chuo kikuu.

Kazi ya wiki hii ni swali la kwanza la IMO ya 1964, Moscow. (a) Tafuta namba nzima chanya n zote ambazo 2ⁿ − 1 inagawanyika kwa 7. (b) Thibitisha kwamba hakuna n chanya inayofanya 2ⁿ + 1 igawanyike kwa 7. Ukurasa mmoja, kwa kalamu, na mwenzako asahihishe kabla hujaangalia jibu popote.

Mzee wenu