Shukrani za familia ya marehemu mzee wetu, diwani mstaafu, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum. Kwa majirani zetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Familia inamshukuru Mwenyezi Mungu, kisha inawashukuru ninyi nyote mliotushika mkono tangu mzee wetu alipolazwa Bombo hadi tulipomsitiri. Madaktari na wauguzi, masheikh wetu, waheshimiwa madiwani wa vyama vyote mliopokezana jeneza, ahsanteni. Akina mama wa soko la samaki la Deep Sea mlipika siku zote za matanga, mkakataa kurudishiwa hata pesa ya kuni. Hilo hatutalisahau.

Tulijua baba ni mtu wa watu, ila mengine tumeyasikia matangani. Kabla hajagombea chochote, alikuwa akienda kukaa viti vya wananchi kwenye baraza la madiwani, maana kikao kile ni cha wazi, na kwapani ana nakala ya Sheria Namba 8 ya mwaka 1982 ya mamlaka za miji, imechakaa kwa kufunuliwa. Mtaani alidai mkutano wa kila miezi mitatu uitishwe, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Wapo viongozi waliomwona msumbufu. Mmoja wao alisimama makaburini akasema maswali ya baba ndiyo yaliyomfundisha kutunza hesabu za umma. Kiongozi wetu uliyesema hayo, tunakushukuru kwa namna ya pekee. Si neno jepesi kulitamka mbele ya kadamnasi.

Tanga ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 2005 alifurahi, lakini aliwakumbusha wenzake kwamba jina la jiji halizibui mtaro. Alipokuwa diwani, masika yakianza alikuwa barabarani na suruali kaikunja, akikagua maji yanakotuama. Fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani, la kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, alilipigania bajeti hadi bajeti. Fomu za vikundi zilijazwa sebuleni kwetu usiku, makarani tukiwa sisi watoto. Na mama yetu tumshukuru hadharani: posho ya kikao iliishia kwenye nauli za wagonjwa, na chai ya wageni wote hao aliitafuta yeye kwa kukaanga mihogo.

Allah amrehemu na ampanulie kaburi lake. Amin.

Baba ameacha mafaili ya watu: barua za viwanja, stakabadhi, nakala za maombi. Tumeyapanga kwa mitaa. Aliyempa karatasi yake afike nyumbani baada ya Alasiri aichukue, asimtume mtu mwingine. Anayemdai marehemu naye ajitokeze, deni litalipwa kabla ya khitma ya arobaini. Aliyekuwa akidaiwa na marehemu, sisi warithi tumekaa na mama tukakubaliana: tumesamehe.