Jumamosi na wenzetu wa Japani

Assalaam alaykum jamaa. Kikao cha mtandaoni cha Jumamosi ni saa 5 asubuhi yetu. Kwao Japani itakuwa saa 11 jioni, wametutangulia saa 6. Tunamaliza kabla ya adhana ya adhuhuri, kwa hiyo mtu asije na ile "nipo njiani".

Wao wataonesha mikeka yao ya tatami, inayofumwa kwa majani ya igusa. Ndiyo maana kwa upande wetu nimechagua ukili, ule utepe mrefu wa majani unaosukwa kutengenezea mkeka. Bi Mkubwa wa hapa Wete amekubali kukaa mbele ya simu na miyaa yake ya mkindu (majani yaliyochanwa membamba), mikavu na iliyokwisha kutiwa rangi. Ataanza kusuka mbele yao, kisha aoneshe kili zinavyoshonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka ukatoka. Simu ielekee vidoleni, si usoni. Mwenyewe kashasema hataki sura yake izunguke dunia.

Mara iliyopita jogoo wa mtu aliwika kikao kizima. Wageni walifurahi, mimi sikufurahi. Zimeni maiki. Asiye na bando aje kwangu, tutatazama pamoja. Chai ipo.