Waliotuvusha Mathare hawana hata gambuti

Mhariri,

Kila Agosti 19 huadhimishwa Siku ya Usaidizi wa Kibinadamu Duniani. Tarehe hiyo ilitokana na msiba wa Baghdad mwaka 2003, bomu lilipolipua Hoteli ya Canal, makao ya Umoja wa Mataifa nchini Iraq, na kuua watu 22, akiwemo mjumbe wa umoja huo, Mbrazili Sérgio Vieira de Mello. Naiheshimu siku hiyo kwa moyo wote. Uchungu wake sisi wa Nairobi tunaujua; siku 12 kabla yake huwa tunawakumbuka wenzetu 213 waliouawa papa hapa jijini Agosti 7, 1998, bomu lilipolipua ubalozi wa Marekani, na jinsi wapita njia walivyofukua vifusi kwa mikono mitupu.

Watu wa aina hiyo ndio walionifanya nishike kalamu.

Naishi Mathare. Usiku ule wa Aprili 2024 mto ulipofurika, wa kwanza kubisha mlangoni kwangu alikuwa kijana wa ploti ya pili. Mchana huuza mitumba; huduma ya kwanza alifunzwa akiwa mhudumu wa kujitolea. Alifunga kamba kwenye nguzo ya stima, ncha ya pili akajifunga kiunoni, akawa anavusha watoto mgongoni mmoja mmoja, maji yakimfika kifuani. Miguuni alikuwa na malapa. Nadhani ni mara ya tano akivuka, bati lililozama likamchana wayo. Mama mmoja akampa leso, akaufunga, akarudi majini.

Kulipopambazuka alikuwa akichechemea. Pesa za kushonwa na za sindano ya pepopunda tulichanga majirani, hamsini hamsini, maana waliomfunza hawakuwa wamemkatia bima yoyote, na waliokuja kupiga picha walikuwa wameshaondoka.

Nimewasikia wanaosema kujitolea ni hiari, asiyeweza akae kwake. Basi wangekaa wote usiku ule, watoto wangu wangevushwa na nani? Kijana huyu hajawahi kudai mshahara. Mimi ndiye ninayemdaia, na ninachodai si kikubwa: gambuti, glavu, tochi, kamba madhubuti, na bima ya ajali kwa kila aliyefunzwa na kuandikishwa. Serikali ya kaunti ianze na mitaa iliyo kandokando ya mito, na mashirika yanayowatumia vijana hawa yachangie. Na mwaka huu, watakapokutana Gigiri, yaliko makao ya Umoja wa Mataifa hapa Nairobi, kuwakumbuka mashujaa wa huduma hii, wawaalike hata wachache kutoka Mathare, Mukuru na Kibera, wakae viti vya mbele na kuulizwa wanahitaji nini.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Ile kamba yake bado anayo, na juzi nimeiona imeanza kulika katikati.

Mkazi wa Mathare,
Nairobi